Kulinda Moto: Umakini na Kazi ya Chuma katika Nchi ya Wanyiha

Kata ya Ruanda, ambayo jina lake lisichanganywe na lile la nchi ya Rwanda, imo katika Wilaya ya Mbozi, kwenye Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ardhi yake ni sehemu ya uwanda wa juu ambao tangu zamani umekuwa nchi ya Wanyiha, majirani wa Wanyamwanga wa upande wa Tunduma, Wandali wa Ileje na Wasafwa wa upande wa Mbeya. Leo Mbozi inasifika kwa kahawa, na barabara yake kuu inasifika kwa malori yanayoelekea mpakani. Lakini kabla ya mbuni wa kwanza kupandwa, wakazi wa uwanda huu walikuwa wakiutoa udongo mwekundu wenye chuma, wakiuchoma kwa makaa ndani ya matanuri marefu ya udongo, na kujipatia majembe, shoka na mikuki bila kumtegemea mtu wa mbali. Historia ya kazi hiyo imeandikwa kama historia ya ufundi, na mara nyingine kama historia ya imani, ilhali yapo mambo ndani yake yasiyoeleweka vema mpaka isomwe pia kama historia ya umakini, yaani namna jamii ilivyopanga watu wake, mahali pao, usingizi wao na hata maneno yao ili jicho na fikra vikae juu ya jambo moja kwa siku kadhaa bila kuondoka.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwanza. Kiswahili kina uangalifu, unaotokana na kuangalia na kwa hiyo ni kazi ya jicho. Kina mazingatio, ambayo ni kazi ya moyo unaolishika jambo na kulizungukazunguka. Na kina umakini, kutokana na neno la Kiarabu linalotaja kitu kilichokaa imara kisichoyumba. Katika matumizi ya shule na ofisi za siku hizi, umakini huchukuliwa kuwa sifa ya mtu mmoja mmoja, ambayo mwanafunzi huyu anayo na mwenzake hana, na anayeikosa hulaumiwa yeye peke yake. Wayeyushaji wa chuma wa Mbozi na wa nchi za jirani hawakufanya kazi kana kwamba mambo yako hivyo. Kwao, kwa kadiri taratibu zao zinavyoonyesha, umakini ulikuwa mali ya kundi, uliojengewa ua kama shamba linavyojengewa ua dhidi ya nguruwe, na aliyeuvunja ua huo alikuwa amewakosea watu wote waliokuwa ndani yake.

Kazi ya chuma katika ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika ni ya kale sana. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na J. Desmond Clark katika miaka ya 1950 na 1960 ulifukua mabaki ya wakulima wafua chuma walioishi pale katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ndani ya mkoa wa Songwe wenyewe, huko Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, Brian Fagan na John Yellen walichapisha mwaka 1968 matokeo ya uchimbaji kwenye machimbo ya chumvi yaliyotumika tangu takribani karne ya 13. Chumvi na chuma ndizo bidhaa mbili ambazo mkulima wa zamani hakuweza kuzipata katika kila shamba, na palipotoka mojawapo, watu walitembea siku nyingi kuifuata.

Kuhusu Wanyiha hasa, maelezo muhimu yaliwekwa kwenye maandishi na Beverley Brock, aliyechunguza historia yao kwa kuwasikiliza wazee, pamoja na mwanajiolojia P. W. G. Brock, katika makala yao ya mwaka 1965 juu ya kazi ya chuma ya Wanyiha. Wakati huo uyeyushaji ulikuwa umekwisha kuachwa, na walioujua kwa mikono yao walikuwa wazee. Ushuhuda huo ukiwekwa pamoja na ule wa Ufipa, ambako padri Wyckaert aliandika juu ya wahunzi mapema mwaka 1914, na ule wa Malawi, ambako Nikolaas van der Merwe na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kiphoka na wa Kichewa wawashe tena matanuri ya aina hiyo katika miaka ya 1980, hupatikana picha iliyo wazi kiasi, kwa sababu watu hawa wote walikuwa wanafuata ufundi mmoja wenye tofauti ndogondogo za mahali.

Kiini cha ufundi huo kilikuwa tanuri refu la udongo, aghalabu lenye kimo kinachompita mtu mzima kwa mbali na kukaribia mita 3, pana chini na jembamba juu, lililotobolewa matundu kuzunguka kitako chake ili mirija ya udongo iingizwe humo kupitisha hewa. Tanuri la namna hii halikuvuviwa. Hewa ya moto ilipopanda na kutokea kinywani juu, ilivuta hewa mpya kutoka chini kupitia ile mirija, kama bomba la moshi linavyovuta, na moto ukajilisha wenyewe. Ndani yake makaa na mtapo, yaani udongo au mawe yenye chuma, vilipangwa kwa tabaka. Makaa yalipoungua kwa hewa haba yalitoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huinyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma katika mtapo, na chuma kikabaki. Hakikuyeyuka kuwa maji, kwa kuwa chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi na tanuri hili lilifika nyuzi 1,200 au kupita kidogo. Kilichoyeyuka ni takataka zake, ambazo Waswahili huziita mavi ya chuma, nazo zilitiririka chini na kuliacha bonge la chuma lenye matundumatundu kama sifongo.

Hapa ndipo suala la umakini linapoingia kwa uzito wake. Wafua chuma wengi wa Afrika Mashariki walitumia matanuri mafupi yaliyopulizwa kwa mivukuto, ambamo vijana walipokezana kuvukuta kwa saa nyingi, na moto ulipolegea dawa yake ilikuwa mkono kuongeza kasi. Tanuri refu liliondoa kazi hiyo ya misuli na badala yake likadai vitu viwili: makaa mengi zaidi, ambayo maana yake ni miti mingi zaidi, na subira ndefu zaidi, kwa kuwa moto usiovuviwa hauharakishwi. Kilichoyeyushwa kwa siku moja penye mivukuto kilichukua siku kadhaa, mchana na usiku, katika tanuri linalojivuta lenyewe. Kwa hiyo tanuri likishawashwa, fundi hakuwa na jambo kubwa la kutenda kwa mikono. Alikuwa na jambo kubwa la kutazama. Mara nyingi uchovu wa kutazama huwa mzito kuliko uchovu wa kupiga nyundo, maana mwili uliokaa huita usingizi, na fikra isiyoshughulishwa huenda nyumbani kabla ya mwenyewe.

Alitazama nini? Alitazama mwali kinywani mwa tanuri, rangi yake na urefu wake, kwa sababu mwali uliobadilika ulimwambia kwamba chakula cha moto kimepungua au hewa imezidi. Alitazama matundu ya chini, moja baada ya jingine, kwani kila mrija ulikuwa jicho la kuchungulia ndani, na ule uliofifia wakati wenzake wanang'aa ulikuwa umezibwa na mavi ya chuma yaliyoganda mdomoni mwake, ukahitaji kuzibuliwa kwa kijiti kabla upande ule wa tanuri haujapoa. Alisikiliza pia, maana hewa inayovutwa vizuri ina mvumo wake, na anayeuzoea huujua unapobadilika hata akiwa ameupa moto mgongo. Hakukuwa na saa wala kipimajoto. Kosa la nusu usiku mmoja liliweza kuharibu kazi ya wiki nyingi za kuchimba mtapo, kukata miti, kuchoma makaa na kujenga tanuri lenyewe, na bonge lililoharibika halikurudishwa kuwa udongo.

Kwa mwanga huo ndipo miiko ya wayeyushaji inapofaa kufikiriwa upya. Mwiko ni katazo ambalo kulivunja huaminiwa kuleta madhara yenyewe bila kusubiri hukumu ya mtu, na miiko ya tanuri ilikuwa mingi katika ukanda huu mzima. Wayeyushaji walihamia kambini, mbali na kijiji; hawakulala na wake zao tangu kazi ianze mpaka iishe; na dawa zilizotayarishwa na mtaalamu ziliwekwa ndani ya tanuri au kufukiwa chini yake. Wasomi wengi, na Eugenia Herbert katika kitabu chake cha mwaka 1993 akiwa miongoni mwao, wameeleza kwamba tanuri lilifananishwa na mwanamke mwenye mimba, fundi akawa kama mume wake, na chuma kikawa mtoto anayezaliwa. Katika Ufipa tanuri lilipambwa kama bibi harusi. Ufafanuzi huo una ushahidi mwingi wala hakuna sababu ya kuupinga.

Hata hivyo haumalizi jambo, kwani mtu akiacha kidogo kuuliza miiko hiyo ilimaanisha nini na kuuliza ilifanya nini kambini, ataona kwamba kila mmoja wake ulifunga mlango ambao fikra ingeweza kutokea. Kambi iliyo mbali haifikiwi na mdai wala na jirani anayeleta habari ya msiba usiowahusu walioko kwenye moto; aliyekatazwa kurudi nyumbani usiku hana njia ya kuliacha tanuri kwa saa chache akidhani halitajua; na anayeamini kwamba uvunjaji wake utaonekana katika bonge lenyewe asubuhi ya mwisho ana sababu ya kukaa macho hata pasipokuwa na msimamizi. Van der Merwe na Avery walionyesha kwamba mafundi wa Malawi hawakuitenga dawa na ufundi, wakavihesabu vyote kuwa sehemu za kazi ile ile. Ni haki kuongeza kwamba hawakutenga pia utulivu wa moyo na ubora wa chuma, na katika hilo walikuwa sahihi kwa kipimo chochote, hata kwa asiyeamini dawa.

Ua huo ulikuwa na gharama, nayo haikugawanywa sawa. Katika jamii nyingi za ukanda huu wanawake walikatazwa kulikaribia tanuri linalowaka, hasa wakiwa katika siku zao, na kazi iliposhindikana lawama iliweza kutupwa kwa mke wa fundi aliyeko kijijini, ambaye hakuwa na namna ya kujitetea. Lakini chakula kililetwa kutoka kwao, na jembe lililotoka motoni liliishia katika mikono yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya palizi ilikuwa yao. Siku ambazo mume alikaa kambini akiutazama moto mmoja, mke alikuwa akitazama watoto, shamba, maji na ugonjwa kwa wakati mmoja. Maandishi ya zamani yamejaa umakini wa aina ya kwanza na hayasemi karibu chochote juu ya huo wa pili, na huo ni upungufu wa maandishi ambao msomaji hana budi kuubeba akilini.

Bonge lilipopoa na tanuri kufunguliwa, kazi iliingia katika hatua ya pili, nayo ilikuwa na mwendo tofauti kabisa. Vipande vilivunjwa, vikachaguliwa kwa uzito na kwa mlio, vikachomwa tena katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto ili mavi ya chuma yaliyobaki yatoke, kisha vikafika kwa mhunzi. Mhunzi naye alikuwa na umakini wa sekunde badala ya umakini wa siku. Chuma kilichotoka motoni kikiwa chekundu cha giza hakikubali kukunjwa sana. Kikiwa cha rangi ya chungwa kinatii nyundo. Na vipande viwili havishikamani kuwa kimoja mpaka vikaribie weupe, rangi ambayo ikipita kidogo tu chuma hurusha cheche na kuungua. Jua huificha rangi hiyo, ndiyo maana wahunzi wa mahali pengi hufanyia kazi chini ya paa lenye kivuli, na mgeni huona giza pale ambapo mwenye kazi anaona kipimo. Kutoka kwenye makaa hadi kwenye fuawe, yaani jiwe au chuma cha kufulia, ni hatua moja, na katika hatua hiyo rangi imekwisha kuanza kushuka.

Nchi ya watu waliokitafuta chuma kwa taabu namna hiyo imehifadhi pia chuma kilichotoka mbinguni. Kwenye kilima cha Marengi wilayani Mbozi liko bonge la kimondo lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambalo mpimaji ardhi W. H. Nott aliliarifu kwa wataalamu mwaka 1930 ingawa wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani. Takribani sehemu 90 katika 100 ni chuma, na karibu sehemu 9 ni nikeli. D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alipotaka kipande cha uchunguzi, alikata kwa msumeno wa kawaida wa chuma kipande cha sentimita 10 hivi kwa muda wa saa kumi, na alama ya msumeno bado inaonekana. Kwa kuwa hakuna simulizi la wenyeji juu ya siku lilipoanguka, wataalamu wamechukulia kwamba lilifika kabla kumbukumbu za watu wa sasa hazijaanza. Lakini jambo la kuvutia kwa historia hii ni ule muda wa saa kumi: aliyekuja na zana za kiwandani naye alilazimika kukaa na kitu kimoja kwa saa hizo zote, kwa sababu chuma hakijui aliyekishika ametoka wapi.

Mabadiliko makubwa yalianza kabla ya hapo. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka uliokuja kupita Tunduma, na mwaka 1899 misheni ya Kimoravian, ambayo ilikuwa imekwisha kujenga Rungwe mwaka 1891, ilifungua kituo Mbozi chini ya Traugott Bachmann, aliyejifunza Kinyiha kwa miaka mingi hata Agano Jipya la lugha hiyo likachapishwa mwaka 1913. Pamoja na kitabu ilikuja kengele. Kabla yake siku ilikatwa na kazi iliyopo, ikawa fupi kwa palizi na ndefu kwa tanuri. Kengele iliikata siku katika vipande visivyoulizana na kazi, ikamtaka mtoto aketi, atazame herufi, kisha aziache kwa sauti ile ile iliyomwita. Si sahihi kuuita huo umakini mdogo kuliko ule wa kambini, maana kusoma ni kutazama alama ndogo mpaka ziseme, na waliosaidia kutafsiri maandiko walibishana juu ya neno moja kwa subira ambayo mlinda moto angeitambua. Ila ulikuwa umakini wa saa, na tanuri lilihitaji umakini wa siku.

Kodi ilifanya ambayo kengele isingeweza. Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliowafuata waliendelea kutoza kodi. Fedha za kulipia kodi hazikupatikana kambini bali kwenye mashamba ya mkonge, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya yaliyovuma katika miaka ya 1920 na 1930, na kwenye migodi ya shaba ya ng'ambo ya mpaka. Tanuri refu lilitaka wanaume kadhaa wakae pamoja kwa wiki nyingi, wasiondoke, wasiitwe. Hicho ndicho kitu ambacho uchumi mpya uliwanyima. Wakati huohuo majembe ya viwanda vya Ulaya yalifika madukani kwa bei ambayo bonge la tanuri halikuweza kushindana nayo. Mara nyingi husemwa kwamba jembe la kigeni liliua uyeyushaji kwa sababu lilikuwa bora, jambo ambalo haliaminiki moja kwa moja, kwani katika sehemu mbalimbali za Afrika wakulima waliendelea kulisifu la mhunzi. Lilishinda kwa sababu halikuhitaji mtu yeyote wa Mbozi akeshe.

Uhunzi wenyewe haukufa pamoja na tanuri, kwa kuwa mhunzi hahitaji mtapo akiwa na chuma chakavu. Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikipitia Mbozi na Tunduma, zilileta magari na mitambo, na springi ya gari iliyovunjika ni chuma kizuri kuliko bonge lolote la tanuri. Springi hiyo haina kumbukumbu ya usiku wowote uliokeshwa na mtu anayejulikana. Inaingia motoni, na kazi inaanzia pale ambapo zamani ilikuwa inakaribia kuisha.

Umakini wa siku nyingi, ule usioharakishwa, ulipata makao mengine Mbozi, nayo ni kahawa, zao lililoletwa na walowezi na wamisionari kisha likawa la wakulima wadogo, na ambalo leo lina kituo chake cha utafiti cha TaCRI huko Mbimba. Kahawa ya arabika inayoandaliwa kwa maji huchumwa punje nyekundu peke yake, na kwa kuwa mti mmoja huivisha kwa awamu, mchumaji hurudi kwake mara nyingi katika msimu na kila mara huacha mikononi mwa tawi zile ambazo bado. Humenywa siku ileile, maana punje iliyolala na ganda lake huanza kuchacha vibaya. Kisha mbegu zenye utelezi huachwa zivunde katika chombo kwa siku moja hadi tatu kulingana na baridi ya mahali, zikaoshwa, na zikaanikwa kwenye vichanja, zikigeuzwa kila mara na kufunikwa jua linapokuwa kali au mvua inapotishia, mpaka unyevu ushuke kufikia sehemu 11 au 12 katika 100.

Hapa mwiko wa zamani umegeuka, kwa kuwa kwenye vichanja vya Ruanda na vya kata za jirani kazi ya kuchambua iko kwa sehemu kubwa machoni na vidoleni mwa wanawake, wanaoondoa mbegu iliyokatwa na mashine, iliyotobolewa na mdudu au iliyobadilika rangi, mbegu moja kati ya mamia. Na kabla ya kufika kwenye vichanja, katika chombo cha kuvundikia, swali la kama utelezi umekwisha au bado hujibiwa kwa njia ambayo haimo kwenye saa, maana baridi ya usiku mmoja huweza kuongeza nusu siku: mtu hutumbukiza mkono, hushika gao la mbegu, huzisugua pamoja karibu na sikio, na kama bado zinateleza kimya huzirudisha, zikikwaruzana kama changarawe iliyooshwa na mto, huita maji yaletwe.